Radhi Kabla ya Saa Tisa na Nusu

Asikiaye la mkuu huvunjika guu. Wahenga walisema kinyume chake, lakini wahenga hawakuwahi kusimama nyuma ya kaunta ya bafu la maji moto la Hagiyu chini ya Bwana Onuki.

Saa nane kasoro robo mchana, Jumamosi ya pili ya Februari, sauti ilitoka chumba cha kubadilishia nguo, upande wa wanawake. Haikuwa yowe. Mwalimu Kuniko Segawa, mwenye miaka sabini na miwili, hakuwa mtu wa kupiga mayowe. Alisema mara moja tu, kwa sauti kavu:

"Kipambo changu hakipo."

Shizuho Kanbara, mhudumu wa kaunta, aliingia mbio. Mwalimu alikuwa amesimama mbele ya kikapu chake, nywele zinachuruzika maji. Kimono chake kilikuwa kimekunjwa vizuri kikapuni, na juu yake mshipi na kamba ya kuufungia. Ila kile kipambo cha johari ya kijani kinachovaliwa katikati ya kamba, kidogo kama ukucha wa dole gumba, hakikuwepo.

Vikapu vya Hagiyu havina vifuniko wala kufuli, na havijawahi kuwa navyo. Mwenye kitu cha thamani hukikabidhi kaunta. Mwalimu Segawa hakukabidhi. Angewezaje, wakati chumba kizima kilikuwa kimejaa wanafunzi wake mwenyewe? Walikuwa wanawake kumi na wawili wa darasa la kupanga maua, waliokuja kwa basi asubuhi kuoga na kurudi mjini siku hiyohiyo.

"Nilikuwa nikitoe leo," Mwalimu alisema. "Nilikuwa nimvishe Rinka kabla hatujapanda basi, awe mrithi wa darasa."

Hapo wote walimgeukia Rinka Tomaru, msichana wa miaka ishirini na sita aliyekuwa amejilaza kwenye benchi, uso mweupe kama karatasi.

"Msiniangalie hivyo," Rinka alisema. "Kitu ni changu saa tisa. Nijiibie saa saba kwa kiherehere gani?"

Pazia la mlangoni lilifunguka, baridi ikaingia pamoja na Nobue Isaka, mwanafunzi mkongwe kuliko wote, aliyekuwa darasani miaka kumi na tisa. Mashavu yake yalikuwa mekundu, taulo jembamba limening'inia begani. Alilichukua akalikamua juu ya jiwe la kuvulia viatu, maji yakatiririka hadi miguuni pa Shizuho.

"Samahani, dada," alisema. "Nimetoka bafu la Ishiyu, ng'ambo ya mto. Maji ya kule yanaunguza! Kwani kuna nini?"

Shizuho alichukua tambara akafuta sakafu. Ndiyo kazi yake; kila mgeni anayeingia Hagiyu huacha dimbwi.

Saa nane na dakika tano Konstebo Kaburagi alifika kutoka kituo chake kilicho ng'ambo ya barabara, theluji mabegani. Alipekua mikoba ya wote kumi na wawili, makoti, viatu, na hata kopo la chai. Alipekua droo za kaunta na aproni ya Shizuho. Hakupata kitu. Kisha akatoa daftari.

"Nani alikuwa wapi? Tuanze na wewe, Kanbara."

"Saa saba na dakika kumi Mwalimu na wanafunzi kumi na mmoja waliingia majini. Bibi Isaka alisema anakwenda Ishiyu, akatoka. Saa saba na dakika ishirini dada Rinka alitoka majini, kizunguzungu. Nikamlaza, nikamfunika macho kwa taulo baridi, nikaenda jikoni kumletea chai ya shayiri."

"Ulikaa huko muda gani?"

"Dakika tatu. Niliporudi, pazia la mlangoni lilikuwa linapepea, nikadhani ni upepo. Toka hapo sikubanduka kauntani."

"Kwa hiyo," Bwana Onuki, meneja, aliingilia, "chumbani alikuwepo mgonjwa aliyefunikwa macho, na wewe."

"Na hizo dakika tatu, mzee."

Bwana Onuki alimvuta kando, karibu na rafu ya viatu. Alikuwa mtu wa tabasamu nyingi, na sasa alitumia ile ndogo.

"Binti, sikiliza. Basi lao linaondoka saa tisa na nusu. Wakiondoka na kinyongo hawarudi, na wataongea. Piga magoti mbele ya Mwalimu, inamisha kichwa mpaka mkekani, sema umezembea, unaomba radhi. Yaishe."

"Nikiinama nimekiri."

"Nani kasema kukiri? Ni adabu tu! Mimi mwenyewe nimeomba radhi leo mara sita, na sijafanya lolote."

"Wewe hawakuiti mwizi. Mji huu una nyumba mia tatu, Bwana Onuki. Nikiinama leo, kesho muuza tofu atahesabu vipande vyake nikipita."

Tabasamu ikafifia. "Basi usipoinama, saa tisa na nusu acha aproni juu ya kaunta."

Shizuho alitazama saa ya ukutani. Saa nane na robo. Nje theluji ilikuwa imekoma, na kipimajoto cha mlangoni kilisoma nyuzi kumi na moja chini ya sifuri.

Konstebo alikuwa amemrudia Rinka. "Hukusikia hata hatua?"

"Nilisikia mtu akipita mkekani. Nikajua ni mhudumu na chai. Lakini chai ilikuja baadaye kidogo."

"Unaona!" mwanamke mmoja alidakia. "Mhudumu alipita mara mbili!"

"Au walipita watu wawili," Shizuho alisema.

"Na kwa nini tusiseme Rinka anadanganya?" aliuliza mwingine. "Labda hakitaki hicho kipambo. Kukipokea ni kulea darasa miaka thelathini. Amekuwa analia njia nzima ndani ya basi."

Rinka aliketi. "Nililia, ndiyo. Nililia kwa sababu dada Isaka hajanijibu salamu tangu Mwaka Mpya. Kuna kosa?"

Nobue Isaka alikuwa anakunja taulo lake taratibu, mara nne, kama anayekunja barua.

Hapo ndipo Bibi Tamae alipoingia. Bibi Tamae alikuwa na miaka themanini na minane na alikuja Hagiyu kila siku baada ya kuoga bafu la chini karibu na daraja, eti maji mawili yana nguvu kuliko moja. Alipiga kaunta kwa taulo lake. *Ko! Ko!* Sauti kama ya ubao.

"Nyinyi mnafanya mkutano wa kijiji humu? Nani kafa?"

"Kumeibwa kitu, bibi."

"Basi mwizi apishe njia, nina baridi." Akalisimamisha taulo lake juu ya kaunta. Lilisimama lenyewe, limekakamaa kama ng'onda, na ncha yake imejikunja upande alioushika. "Dakika nne tu kutoka darajani. Enzi zangu tuliwachapa waume kwa haya."

Shizuho alilitazama lile taulo. Kisha akalitazama tambara alilofutia sakafu, bado limelowa chapachapa kando ya jiwe la viatu.

"Afande," alisema, "naomba nimwulize Bibi Isaka maswali matatu."

Konstebo aliinua mabega. "Uliza."

"Bibi Isaka, kutoka Ishiyu mpaka hapa ni mwendo wa dakika ngapi?"

"Kumi. Mimi nilichukua zaidi, nilisimama darajani kuangalia barafu ya mtoni."

"Na taulo ulilibeba vipi?"

"Begani. Si uliniona?"

"Njia nzima?"

"Njia nzima, dada! Nilibebe kichwani?"

"Asante. Sasa naomba uniazime."

Nobue alisita kidogo, akampa. Shizuho alilichovya kwenye ndoo ya maji ya moto, akalikamua kidogo tu, akamkabidhi Konstebo Kaburagi.

"Litupie begani, afande. Nenda mpaka kituoni kwako, simama hapo dakika tatu, rudi. Usikimbie."

Walimsubiri. Bwana Onuki alikohoa. Bibi Tamae alijimiminia chai ya mgonjwa akanywa. Konstebo aliporudi baada ya dakika tano, lile taulo lilikuwa limechukua umbo la bega lake kama gamba la kobe. Alipojaribu kulibandua likatoa mlio. Akaliweka kaunta kando ya lile la Bibi Tamae, yakasimama mawili.

"Bibi Isaka ametembea zaidi ya dakika kumi," Shizuho alisema. "Akaingia hapa akalikamua, maji yakatiririka miguuni pangu. Nimefuta kwa mkono wangu, nyote mmeona. Taulo lililotoka Ishiyu halikamuliki, linavunjika. Hilo lilikuwa limelowa dakika ileile."

"Kwa hiyo sasa taulo ndilo shahidi?" Nobue alicheka. "Watu wa mji wa theluji mna vituko. Mimi natoka mjini, najuaje mataulo yenu?"

"Ndiyo maana ulikosea, bibi. Mtu wa hapa angeingia na taulo gumu."

"Na mbona hukusema tangu mwanzo?" Bwana Onuki aliuliza.

"Kwa sababu kila siku nafuta maji ya wageni wenye mataulo mabichi. Wote hutoka palepale." Alinyoosha kidole nje ya dirisha. Hatua sita kutoka mlangoni, chini ya kibanda chenye paa la majani, mvuke ulikuwa unapanda kutoka bwawa la kulowekea miguu. "Hakwenda Ishiyu. Alingoja pale. Aliponiona napita kwenda jikoni, akaingia, akatoa kipambo kwenye kamba, akatoka. Halafu alihitaji kuonekana ametoka kuoga, akalichovya taulo bwawani. Na mkoba wake hauna kitu, maana hajakibeba; kimo mle bwawani. Afande, kunja mkono wa shati."

Konstebo alitoka, na darasa zima likamfuata kwa soksi mpaka ukingoni mwa theluji. Aliingiza mkono chini ya benchi la bwawa, kwenye tundu la mawe ambamo maji hutokea, akapapasa, akatukana kidogo kwa joto, akapapasa tena. Alipoutoa mkono, katikati ya kiganja kulikuwa na kitu cha kijani kinachofuka mvuke.

Mwalimu Segawa ndiye aliyemgeukia mwanafunzi wake.

"Nobue. Ungekivaa wapi?"

"Popote pale nisingekivaa," Nobue alisema. "Sikukitaka, Mwalimu. Kingebaki humo mpaka maji yakilambe kiishe. Miaka kumi na tisa nimebeba ndoo zako, nimekatia shina kila ua lililosifiwa kwa jina lako, nimemzika mama yangu asubuhi nikaja kufundisha jioni. Rinka ana miaka minne. Minne! Nilitaka tu mshipi ule ubaki mtupu."

"Rinka anapanga maua," Mwalimu alisema polepole. "Wewe unanipanga mimi. Nilipaswa kukuambia zamani. Niliogopa kubaki bila mtu wa kunibebea ndoo."

Walirudi ndani. Saa tisa na dakika ishirini basi lilipiga honi barabarani. Mwalimu Segawa alisema hataki kesi. Konstebo alifunga daftari. Kisha, kama ilivyo desturi, watu walianza kuinama. Mwalimu alipiga magoti mkekani akamwinamia Shizuho kwa kumshuku. Nobue akapiga magoti nyuma yake, akainamisha paji la uso mpaka chini, akakaa hivyo muda mrefu. Konstebo aliinama kwa kumpekua. Bwana Onuki aliinamia wote, kwa zamu, akitabasamu tabasamu yake kubwa.

Kisha wakamngoja Shizuho.

Alibaki amesimama, aproni kiunoni, mikono ubavuni.

"Binti," Bwana Onuki alinong'ona, "na wewe sasa. Umemfedhehesha mgeni mbele ya wenzake. Ungeweza kumwita pembeni."

"Kama ulivyoniita mimi pembeni, karibu na viatu?"

"Wakubwa zako wote wameinama! Sema tu neno moja, basi liondoke, kila mtu abaki na amani yake. Kazi yako ipo, hakuna aliyekufukuza."

Honi ililia tena. Bibi Tamae aliacha kunywa chai. Nobue Isaka aliinua uso kutoka mkekani, macho mekundu, akamtazama Shizuho kana kwamba yeye pia anangoja hilo neno.

"Nimesikia radhi zenu, na nimezipokea," Shizuho alisema. "Mimi sijakosa. Siombi."