Valérie wa Huko Juu

Mwaka wa 1975, posta ya Kolwezi ilikuwa imejaa watu mpaka mlangoni siku karani Mwenze alipochukua bahasha moja, akaisoma kwa sauti kubwa kama kawaida yake:

"Valérie Ntumba."

Watu wakageuka. Miaka mitatu ilikuwa imepita tangu Serikali ikataze majina ya ubatizo, na kuitwa hivyo hadharani ilikuwa kama kuvuliwa kitambaa cha kichwa. Msichana mmoja mwenye liputa ya manjano, kitenge kilichofungwa kiunoni, na beseni la bitumbula, yale maandazi ya moto, mikononi, akainamisha uso. Barua ilitoka kwa shangazi yake wa Mwene-Ditu, mwanamke asiyetaka kusikia habari za majina mapya.

Msichana alingoja foleni iishe.

"Tata karani, ile barua ni yangu."

"Karte yako ya kitambulisho inasema Ntumba tu."

"Ile jina ingine balifuta ku biro ya Serikali."

Mwenze, koti lake la abakosti la kijivu limefungwa mpaka shingoni, akamsogezea bahasha. "Unisamehe, mama. Nimekuita mbele ya batu bote."

"Umelisoma muzuri," msichana akasema polepole. "Tangu mama yangu akufe, hakuna mutu analisema."

Kesho yake Mwenze alinunua bitumbula vinne. Kesho kutwa, vinane.

"Citoyen, unakula na nani?" Ntumba akamuuliza, kwa lile neno la "mwananchi" lililoamriwa na Serikali.

"Na mawazo yangu."

"Mawazo yako iko na tumbo kubwa."

Basi ikawa hivyo. Kila saa sita alitoka, akakaa kwenye ngazi karibu na beseni, akamsimulia aliyosoma katika magazeti ya mapadri kabla hawajaja kuyachukua.

"Kati ya Mars na Jupiter kuna mawe mengi sana, inazunguka jua. Mutu akiona moja mupya, bataipa namba kwanza. Bataangalia njia yake mpaka bahakikishe itarudi. Kisha ule aliyeiona njo anachagua jina. Bibi yake, muji wake. Kuna mumoja alitia majina ya bambwa yake."

"Mbwa iko na nyota, na mi niko hapa ndani ya moshi."

"Kuna hata moja inaitwa Katanga."

"Sema Shaba, jimbo yetu iko na jina mupya. Batakufunga."

"Huko juu habajabadilisha."

Ntumba alicheka. "Na Valérie? Iko?"

Kwa kweli ilikuwepo. Gazeti liliandika Valeria, bila kusema huyo Valeria alikuwa nani. Mwenze angeweza kuishia hapo. Lakini alitazama yale macho yanayongoja, akasema, "Iko. Mi njo nilibaandikia bale ba Ulaya barua, nikabaomba batie jina yako."

Hakuwa ameandika neno. Alisema tu ili aone uso wake, akauona uking'aa, na jioni akajuta.

Ntumba alibeba habari ile mpaka kwa akina mama wa kwaya ya parokia. Kanku, kiongozi wao, alimtazama juu mpaka chini.

"Kitumbula cha posta kimekutia nyota? Nani alikuonyesha?"

"Niliona barua yao ya kumujibu Mwenze," Ntumba akajibu. "Iko na tembre ya Ulaya ku bahasha."

Maneno yalimtoka kabla hajayapima, na baada ya hapo hakupata namna ya kuyarudisha.

Haikupita mwezi, mwalimu Ngeleka aliwaletea kitabu cha zamani cha nyota. Humo iliandikwa kwamba Valeria ilionekana mwaka wa 1906. Kwaya ilicheka mpaka wakashindwa kuanza wimbo. Sokoni walimwita Citoyenne Nyota. Baba yake, Tata Muamba, mfanyakazi wa mgodi aliyekuwa amekwisha kukubali kuwapokea Mwenze na baba mdogo wa Mwenze waje kumposa Ntumba, alisema sentensi moja: "Mwanaume wa kuchekesha batu na mutoto yangu hataingia ku mulango ya parcelle yangu."

Ntumba akahamisha beseni lake kutoka ngazi za posta. Mwenze alipiga simu parokiani wakati wa mazoezi ya kwaya, sista akamwita msichana.

"Alo, Valérie?"

Sista alikuwa amesimama kando ya Ntumba, akisikiliza.

"Simujui huyo mutu," Ntumba akasema, akaweka simu chini, akabaki ameishika.

Jumapili, baada ya misa, Mwenze alikuja kwenye ua wa kanisa ambapo kwaya ilikuwa bado imesimama na Tata Muamba akisalimiana na watu. Shati la Mwenze lilikuwa limeloa mgongoni.

"Tata, bamama, mi nilimudanganya Ntumba. Sikuandikia mutu. Kosa ni yangu peke yangu."

"Na barua aliyoiona?" Kanku akauliza. "Ya tembre?"

Mwenze alimtazama Ntumba, mara moja tu. Hapo ndipo alipojua kwamba Ntumba naye alidanganya.

"Niliitengeneza mwenyewe," akasema. "Nikabandika tembre ya zamani."

Tata Muamba akasogea. "Karani wa posta anatengeneza barua ya bongo, ya uongo. Shefu yako anajua? Kesho nitaenda kumuambia."

Ntumba aliona mambo yote kwa mara moja: kazi ya Mwenze imekwisha, Mwenze amerudi kwao na mkoba, na kwaya inamhurumia yeye Ntumba, msichana aliyeonewa. Ingetosha kunyamaza.

"Tata, hakuna barua."

"Unasema nini?"

"Hakutengeneza kitu. Mi njo nilisema niliiona, juu mama Kanku hakuniamini. Alidanganya moja. Mi nikaongeza ya pili."

Mtu mmoja alianza kucheka, akaacha. Tata Muamba alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba kuna jibu.

"Mulitudanganya bote babili."

"Ndiyo, tata."

"Sasa ule baba mudogo ya Mwenze aje siku ya posho, Jumamosi," akasema mwishoni, bila kumtazama yeyote. "Nataka nimuulize kama kwabo kuna bongo ingine."

Akina mama hawakutawanyika. Walikuwa bado wanaangalia. Ntumba akatoka upande wao, akavuka ua wote akiwa ameinamisha uso, akasimama kando ya Mwenze, kwa sababu mwenye aibu kama yake pale alikuwa mmoja tu.