Chati Iliyotoka Kijani

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha mashine kubwa ya kuchapia, mama aliweka kiganja juu ya kifuniko chake, akafumba macho na kuomba. Hakuomba kwa sauti. Midomo ilicheza tu, kisha alisema "Amina" na kubonyeza swichi. Binti yake alisimama kando na kuitikia "Amina", lakini macho yake yalikuwa kwenye kopo lililokaa chini ya rafu. Ndani ya kopo mlikuwa na glavu, pamba na maji ya kusafishia. Kuliona tu kopo lile kulimchefua.

Msichana huyo alikuwa na miaka kumi na miwili, na mjomba wake alimwita Bi Kinyaa. Jina lilimkaa sawasawa. Hakunywa maziwa yenye utando. Hakugusa sabuni iliyonasa unywele. Mtu akimeza mate kwa sauti karibu naye, yeye alihama kiti.

Chumba cha kuchapia kilikuwa upande wa mbele wa nyumba yao, dirisha lake likitazama barabara. Mama alichapa mabango, ramani na picha kubwa. Mjomba alizibandika ukutani kwa ngazi na gundi. Wakati wa likizo Bi Kinyaa alikuwa na kazi moja tu, nayo ndiyo iliyotangulia nyingine zote.

Mashine ile ilikuwa pana kama kitanda cha watu wawili. Ndani yake kichwa cha kuchapia kilikwenda huku na huko juu ya karatasi, kikinyunyiza wino wa rangi nne: buluu, waridi, njano na nyeusi. Wino ulipita kwenye matundu membamba kuliko tundu la sindano. Rangi zote zilizoonekana kwenye mabango zilizaliwa na hizo nne. Matundu ya rangi moja yakiziba, rangi hiyo hupungua na kuziharibu nyingine zote. Kwa hiyo kila asubuhi Bi Kinyaa alipaswa kupangusa sehemu ya chini ya kichwa, kumwaga chupa ya wino mchafu, kisha kuchapa karatasi ya mistari. Kila rangi ilichora mistari yake. Mistari ikitoka mizima, aliandika tarehe, akaweka sahihi na kuitundika karatasi kwenye msumari karibu na kompyuta. Mama hakuanza kazi kabla ya kuitazama.

Tatizo lilikuwa uchafu wenyewe. Wino uliokauka uliganda chini ya kichwa kama makamasi meusi, umechanganyika na vumbi na nyuzi za karatasi. Ukiuvuta kwa pamba, ulirefuka kabla ya kukatika. Chupa ya wino mchafu ilijaa uji wa rangi ya kidonda kibichi, na harufu yake ilipanda puani na kukaa huko mpaka wakati wa kula. Mara mbili Bi Kinyaa alikuwa amekimbilia nje akitaka kutapika.

Basi Jumatatu ya wiki hiyo akapata akili ambayo aliiona kuwa kubwa. Alisafisha vizuri, akachapa karatasi ya mistari, ikatoka safi kabisa. Akabonyeza tena. Na tena. Alichapa karatasi sita. Moja akaiandika tarehe ya siku hiyo, na tano akaziandika tarehe za siku zilizobaki mpaka Jumamosi. Akazificha ndani ya daftari lake. Jumanne alitundika ya Jumanne bila kugusa kopo. Jumatano vivyo hivyo. Alikaa mlangoni akivuta hewa safi, mikono yake ikinukia sabuni.

Alhamisi nesi wa zahanati alifika na kazi yake. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa kucheka, mwenye viatu vyeupe visivyo na doa.

"Shikamoo," Bi Kinyaa alisalimu.

"Marahaba, mwanangu. Dada, nimekuletea ile chati," nesi alimwambia mama, akimpa picha pamoja na kadi ndogo. "Nataka sita, kubwa. Moja kwa kila choo, cha zahanati na cha shule. Kesho saa nne asubuhi nizichukue, mchana tunazindua."

Bi Kinyaa alichungulia. Kwenye kadi kulikuwa na miraba minane iliyopangwa kutoka juu hadi chini: njano hafifu kama maji ya limau, njano iliyokolea, rangi ya asali, mpaka kahawia ya chai kavu. Chini yake yalikuwa maneno haya: *Tazama rangi ya mkojo wako.*

"Astaghafiru!" mjomba aliangua kicheko. "Bi Kinyaa, leo tunachapa mkojo! Saizi ya mlango!"

"Mjomba, jamani!" Bi Kinyaa alifunika mdomo.

"Cheka tu, kaka," nesi alisema. "Mtu akiona mkojo wake uko hapa juu, yuko sawa. Akiona uko hapa katikati, anywe maji. Akifika huku chini kwenye kahawia, aje kwetu haraka. Mwezi uliopita nimepokea mtoto aliyekaukiwa maji mwilini mpaka macho yamezama. Mama yake aliona mkojo mweusi siku mbili, hakujua maana yake. Kwa hiyo dada, rangi zifanane na kadi. Zikikosea hapa, bora tusitundike chochote."

"Zitafanana," mama alisema. Alikuwa na sifa mtaani kwa ajili ya macho yake. Watu walisema angeweza kutofautisha nyeupe mbili gizani.

Nesi alipoondoka, mama alitazama karatasi ya mistari kwenye msumari, akaona tarehe ya Alhamisi na mistari mizima, akaridhika. Akachapa chati ya kwanza. Ilitoka taratibu, sentimita kwa sentimita, na wote watatu wakaisogelea.

Ilikuwa inatia kinyaa. Njano za juu zilikuwa na ukijani wa usaha. Rangi ya asali ilifanana na kamasi la mtu mwenye mafua. Na zile kahawia za chini, ambazo zilipaswa kumshtua mgonjwa, zilitoka kijani kama ukoga wa mtaro.

"Huu mkojo wa nani?" mjomba aliuliza. "Wa mbuzi?"

"Hata mbuzi angepelekwa kwa daktari," mama alijibu, lakini hakucheka. Aliichukua chati mpaka dirishani, kwenye mwanga wa jua, akaishika pamoja na kadi. "Waridi ni pungufu. Ningesema kichwa kimeziba, lakini karatasi ya leo hii hapa, nzima." Akamgeukia binti yake. "Umesafisha vizuri leo, mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

Neno lilitoka haraka, jepesi. Baada ya kutoka ndipo lilipokuwa zito.

Mama akaketi kwenye kompyuta akaongeza waridi. Chati ya pili ikatoka na kijani kilekile juu, na chini michirizi myekundu kama damu kwenye haja. Akabadili tena. Ya tatu ilikuwa mbaya kuliko mbili za kwanza. Akabadili karatasi, akidhani ina unyevu. Akaangalia wino kwenye matangi. Jioni ilipoingia, chati saba mbovu zilikuwa zimelala sakafuni, nyevu, zikinuka, na Bi Kinyaa alipita kando yake akiwa ameinua sketi kana kwamba zingemrukia. Mara tatu alifungua mdomo ili aseme, na mara tatu akaufunga. Angeanzia wapi? Kusema kungefichua Jumanne na Jumatano pia.

Wakati wa kuomba kabla ya kulala alipiga magoti kama kawaida. "Mungu, isaidie mashine ya mama," alianza. Aliona aibu kumwomba Mungu atengeneze kitu ambacho yeye mwenyewe alikijua kilipoharibikia. Akaingia kitandani bila Amina.

Ijumaa asubuhi, akipiga mswaki uani, alisikia sauti kutoka chumba cha kuchapia.

"Kaka, nimeamua," mama alikuwa akisema. "Nesi akija nitamwambia atafute mtu mwingine. Si kwa hii chati tu. Kazi za rangi naacha. Nitachapa maandishi meusi."

"Kwa nini, dada? Siku moja tu imekuzingua!"

"Mistari mizima, wino upo, karatasi nzuri. Kilichobaki ni nini? Ni macho yangu. Sioni tena kama zamani. Bora niseme kabla sijatundikia watu uongo chooni. Mtoto wa watu akifa kwa sababu ya kijani changu, nitamjibu nini Mungu?"

Bi Kinyaa alisimama na povu mdomoni. Ghafla ladha ya dawa ya mswaki ilimchukiza. Mikono yake iliyonukia sabuni ilimchukiza. Alitema, akasukutua, lakini kilichomchefua hakikutoka. Alikimbilia chumbani, akachukua daftari, akaenda kumkabidhi mama karatasi mbili zilizobaki.

"Mama, macho yako ni mazima."

Mama alisoma tarehe ya kwanza. Akasoma ya pili. "Hii ya leo? Na hii ya Jumamosi? Jumamosi haijafika."

"Nilizichapa zote Jumatatu. Sijasafisha tangu siku hiyo. Ule uchafu… siuwezi, mama. Unanitapisha."

Mama hakupiga kelele. Aliziweka karatasi mezani, kisha akajifuta vidole kwenye aproni, kimoja kimoja, polepole, kama mtu aliyeshika kitu kichafu. Bi Kinyaa aliona kitendo kile, na kilimuuma kuliko kofi.

"Jana nilikuuliza," mama alisema.

"Uliniuliza."

"Nikaamini. Nikayashuku macho yangu, nisikushuku wewe." Alivuta pumzi. "Saa ngapi sasa?"

"Saa mbili na nusu," mjomba alijibu.

"Mwanangu, leta kopo."

Bi Kinyaa alivaa glavu. Mjomba alipotaka kumsaidia, mama alimzuia kwa mkono. Chini ya kichwa uchafu wa siku nne ulikuwa umeota ngozi. Alipoutoboa kwa pamba, ulivuja mweusi wenye nyuzi, ukanata, ukafuata pamba kama makamasi ya mtoto mgonjwa. Macho yakamtoka machozi. Aligeuza uso, akavuta hewa kwa mdomo, akarudi. Pamba ya kwanza, ya tano, ya kumi. Chupa ya wino mchafu ilikuwa imejaa hadi shingoni, na alipoifungua tone moja lilimrukia mkononi juu ya glavu. Alitoa mlio, lakini hakuiachia. Aliimimina ndani ya dumu la taka mpaka tone la mwisho.

Akachapa karatasi ya mistari. Buluu nzima, njano nzima, nyeusi nzima. Waridi ilikuwa kama kitana kilichong'oka meno.

"Tena," mama alisema.

Akasafisha tena, sasa akiloweka matundu ya waridi kwa pamba yenye maji mengi. Mara ya tatu mistari yote ikatoka, hata mmoja haukukatika. Mama alirudisha mipangilio ya kompyuta kama ilivyokuwa kabla hajaivuruga, akachapa chati, akaipeleka dirishani pamoja na kadi. Akamwita binti yake.

"Usiniulize mimi. Tazama wewe, useme kweli."

Bi Kinyaa alitazama mraba mmoja mmoja. Njano ya limau ilikuwa ya limau. Asali ilikuwa asali. Kahawia ya chini ilikuwa mbaya, chafu, ya kuogopesha, sawa kabisa na ya kwenye kadi.

"Zinafanana zote, mama. Ya saba nimeiangalia mara mbili."

"Nami naona hivyo," mama alisema, akarudi kwenye mashine kuchapa zilizobaki.

Nesi alipofika saa nne, chati ya sita ilikuwa bado ndani ya mashine. Mama alimweleza yote, na hakumficha binti yake. Bi Kinyaa alisimama pale pale, uso ukimwaka, akasema mwenyewe, "Ni mimi niliyedanganya. Nisamehe."

Nesi alimkazia macho. Kisha akasema, "Mchana njoo na mama yako. Utanisaidia kutundika."

Waliitundika ya kwanza kwenye korido ya zahanati, kando ya mlango wa choo. Mjomba alikuwa hajamaliza kulainisha kona wakati baba mmoja mkongwe alipotoka chooni, akasimama mbele ya chati, akasoma, akainamisha kichwa. Aligeuka akarudi chooni. Alipotoka mara ya pili alimnong'oneza nesi, akionyesha kwa kidole mraba wa saba. Nesi alimshika mkono na kumwingiza chumba cha daktari.

Bi Kinyaa aliuangalia mraba ule wa saba. Jana ulikuwa kijani. Mzee yule angeutafuta mkojo wake ukutani, asiuone, akaenda zake nyumbani.

Nesi alirudi, akanawa mikono, akasimama karibu naye.

"Unadhani mimi sioni kinyaa?" alimuuliza. "Asubuhi hii nimesafisha kidonda chenye funza. Niliona kinyaa kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Mungu ametuumbia kinyaa ili tujikinge na uchafu, si ili tuukimbie na kusema tumeusafisha. Ukishindwa kazi, sema umeshindwa, utasaidiwa. Lakini ukiandika kwamba umeifanya, mwenzako ataiamini karatasi yako na kuacha kuyaamini macho yake."

"Sitarudia tena," Bi Kinyaa alisema.

"Basi shika gundi. Zimebaki tano."