Mtandao wa Nyumbani Uliokuja Kazini

"Ndizi zimefika?"

"Zimeozea njiani."

Simu ikakatika.

Kavetsa aliirudisha Nokia yake ndogo mfukoni. Maana ya jibu lile la mkuu wake wa polisi aliijua: njia ya doria ya askari wa wanyamapori ilikuwa imevuja tena. Ilipovuja mwezi uliopita, majangili waliwavizia, na askari mmoja akarudishwa Voi akiwa amefunikwa blanketi.

Leo saa nne askari sita wangeshuka Rukanga, chini ya mlima Kasigau. Redio walikuwa wamezizima, kwa sababu majangili nao husikiliza. Hakukuwa na namna ya kuwarudisha.

Kiongozi wao alikuwa Wanyonyi, kakake wa tumbo moja.

Saa yake ilisema saa mbili na dakika hamsini.

Pale kwenye ofisi ya hifadhi mjini Voi walimjua kama fundi wa kompyuta. Hawakujua kwamba alikuwa mpelelezi, wala kwamba kwenye mkoba wa bisibisi kulikuwa na bastola aina ya Glock.

Ramani ya doria ilionwa na watu watatu tu. Everlyne, mkuu wa ofisi, alikuwa amejifungia akinong'ona kwenye simu. Lewis, karani, alifunika skrini Kavetsa alipopita. Wa tatu alikuwa Mzee Mwandawiro, mchora ramani, aliyemmiminia chai ya tangawizi kila asubuhi.

Angependa asiwe huyo.

"Kavetsa, mwanangu," Mwandawiro akaita. "Printa imenikataa."

"Umebadilisha, mzee?"

Kwenye kila laptopu alikuwa amebandika karatasi kwa mkono wake: kazini chagua mtandao wa OFISI, ukirudi kwako chagua NYUMBANI. Ofisi ilikuwa na namba zake za kudumu za mtandao. Bila namba hizo, printa haionekani.

"Nimesahau. Imebaki kwa Nyumbani."

"Kila siku ni wewe."

"Nyinyi mmezaliwa na nyaya masikioni. Sisi tulizaliwa na jembe."

Kavetsa akacheka, akainama kubadilisha.

Mkono ukasimama.

Nyumbani haikuwa imebaki tu. Ilikuwa imeunganishwa, mawimbi yamejaa mistari yote minne.

Nyumba ya Mwandawiro iko Mraru. Mtandao wa Mraru haufiki mjini Voi.

Isipokuwa mtu ameubeba.

"Leo chai hunipi, mzee?"

"Imeisha."

Alijibu haraka mno. Mguu wake ukaisukuma chupa ya chai nyuma ya kiti.

Kavetsa akaiokota. Haikuwa na joto. Akafungua kitako chake. Ndani, taa ya kijani ya modemu ndogo ilikuwa ikipepesa.

"Usisimame," akasema taratibu. Bastola ilikuwa chini ya meza, imeelekezwa kwenye tumbo la mzee.

Kwenye skrini, ramani ilikuwa imeshatumwa kwa majangili. Rukanga, saa nne.

Kavetsa akaivuta laptopu kwa mkono mwingine. Kisha akataja kijiji cha upande wa pili wa mlima, akiandika kwa maneno machache kama Mwandawiro alivyozoea: *Wamebadilisha. Wanashukia Makwasinyi.*

Dakika moja. Mbili.

*Sawa. Tunahama.*

Akampigia mkuu wake. "Majangili wanahamia Makwasinyi. Pelekeni polisi wote huko."

"Nimekupata."

Wakakaa, fundi na mzee wake, kama watu wanaotengeneza kompyuta.

"Waliniambia hakuna atakayeumia," Mwandawiro akasema.

"Na yule wa blanketi?"

"Nilichangia mazishi yake."

"Najua. Ulikaa karibu na mamake."

Mzee akatazama karatasi iliyobandikwa kwenye laptopu. 

Saa nne na dakika ishirini Nokia ikalia.

"Saba tumewashika. Hakuna risasi iliyolia."

"Na Wanyonyi?"

"Ameshawasha redio. Anauliza kama umekula."

Kavetsa akafumba macho kidogo. Halafu akabonyeza OFISI.

Printa ikaguna. Ikatoa barua ambayo Mwandawiro alitaka kuichapa tangu asubuhi: maombi ya likizo ya mwezi mzima, kuanzia leo.

Polisi wawili waliingia bila sare. Kavetsa akaiweka barua mbele ya mzee, akaokota chupa ya chai na mkoba wake.

Mlangoni Lewis alimzuia, akiwa amekumbatia laptopu. Kwenye skrini aliyoificha asubuhi kulikuwa na maombi ya kazi Mombasa.

"Fundi, hata yangu imekataa."

"Soma karatasi, Lewis."

Akatoka juani, akitafuta mahali pa kunywa chai.