Sitara ya Bi Mwanamvua

Ndugu zangu, naomba mnisikilize, na kina baba msinyanyuke mkidhani haya ni ya kina mama peke yao. Nyumba ninayoisimulia iko Kisarawe, njia ya kwenda Maneromango, na watu wake ni watu wa heshima zao.

Ilikuwa Jumapili asubuhi. Uani kwa Bi Mwanamvua kisamvu kilikuwa kinatwangwa, nazi imeshakunwa, na binti yake Hamisa, aliyekuja kutoka Kibaha kumjulia hali, alikuwa mkekani akimenya mihogo vibaya kiasi cha kuchekwa.

"Unatupa muhogo, unabakiza maganda," mama yake alimtania. "Huko Kibaha mnakula nini?"

"Chipsi, mama."

"Ndiyo maana."

Hamisa alikuwa daktari, lakini si wa kushika sindano. Kazi yake ilikuwa kuchunguza saratani inawapata watu gani, wanaishi wapi, na kwa nini wao. Wenzake chuoni walikimbilia upasuaji, yeye akachagua utafiti. Alikwenda kusoma ng'ambo, akarudi, akakataa ofisi nzuri jijini, akapanga nyumba Kibaha ili awe karibu na vijiji. Huko kwao walimwita daktari wa makaratasi, naye hakununa. Mimi namvulia kofia, na nalisema mapema nisije nikasahau.

Kabla mboga haijainjikwa, ikapigwa hodi. Kudra, mke wa jirani yao Halidi, amefariki dunia. Bi Mwanamvua aliacha kila kitu, akajitanda kanga, akaondoka. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaosha maiti wa kike upande ule, na hakuna aliyewahi kumsikia akitamka alichokiona kwenye mwili wa marehemu. Dini imemfundisha kumsitiri maiti, naye alisitiri kwelikweli.

Msibani Halidi alimwambia Hamisa, "Ni tumbo tu, dokta. Lilimsumbua muda mrefu." Wengine walinong'ona kwamba Kudra ametupiwa kitu. Mama yake aliporudi, Hamisa alimfuata jikoni.

"Pole, mama. Kudra alikuwa anatokwa damu?"

"Hamisa! Niliyoyaona pale nimeyazika naye. Usiniulize tena."

Hamisa hakuuliza tena. Wapo watafiti ambao wangembana mpaka aseme. Yeye aliona kwamba ahadi ya mama yake kwa wafu si kitu cha kuchezea, hata kwa ajili ya sayansi.

Siku chache baadaye alikuwa kikaoni Kibaha. Palikuwa na mradi wa kupima saratani ya mlango wa kizazi, na msimamizi wake, Bernard, alikuwa anagawa mahema ya kupimia.

"Kisarawe tunaiacha," alisema Bernard. "Takwimu zinaonyesha wagonjwa ni wachache mno."

Hamisa alisimama. "Kaka Bernard, hospitali inamwandika aliyefika. Aliyefia nyumbani kwa ugonjwa wa tumbo, nani amemwandika? Nipe muda mpaka masika, nikawatafute."

Bernard alikuna kichwa, akampa.

Mwanzo ulikuwa wa kuchekesha. Wasaidizi wake walipoingia kwenye nyumba, mwenye nyumba alivuta kiti, akaketi mbele yao, akajibu yeye maswali ya kizazi cha mkewe. "Huyu? Mzima kabisa," alisema, na mke yupo nyuma yake anateka maji kwenye pipa, kimya. Majibu ya nyumba nyingi yakawa hayo hayo. Hamisa aliyasoma yote, akayaweka pembeni, akaamuru kazi ianze upya. Wasaidizi walinung'unika, na mimi ningenung'unika.

Safari hii alikwenda mwenyewe, na wasaidizi wa kike peke yao. Aliingia majikoni, akaketi kwenye kibao, akachukua kisu na kumenya mihogo pamoja nao. Hakumuuliza mtu ana ugonjwa gani. Aliuliza kama damu imerudi baada ya kukoma, kama tendo la ndoa linaleta maumivu. Wa kwanza aliinamisha uso, akasema ndiyo. Wa pili akasema yake. Masika yalipokaribia, Hamisa alikuwa amejua kumenya mihogo, na alikuwa amejua kwamba Kisarawe ilikuwa na wagonjwa wengi kuliko ilivyodhaniwa. Kila mmoja alipoulizwa kwa nini hakwenda hospitali, alijibu kwamba anajisitiri. Bernard alipoisoma kazi ile, alileta mahema yeye mwenyewe, akaomba radhi mbele ya wenzake.

Siku ya kupima, aliyewaleta wanawake alikuwa Bi Mwanamvua. Nani angekataa kuitwa na mtu wanayemheshimu vile? Aliwashikia mikoba na watoto, akawapoza waliotetemeka. Nesi Elinipa alikuwa ndani ya hema akipima mmoja mmoja, kila mtu na faragha yake. Foleni ilipokwisha, Hamisa alimgeukia mama yake.

"Na wewe, mama."

"Mimi nimeshazeeka, mwanangu. Nipimwe nini?"

"Nesi anakusubiri."

"Basi kaniletee mtandio wangu mwingine kambani uani, huu una vumbi."

Hamisa alikwenda nyumbani, akaukosa uani, akafungua chumba cha mama yake. Harufu ya udi ilimpokea mlangoni, udi mzito, saa ya mchana ambayo hakuna mgeni wala shughuli. Nyuma ya kitanda palikuwa na kamba, na kwenye kamba vipande vya kanga vilivyofuliwa vimeanikwa mle mle gizani, ilhali uani jua linawaka. Madoa yake hayakuwa yametoka yote.

Alikaa kitandani. Aliyewauliza wanawake wote wa jirani hakuwahi kumuuliza mama yake. Alilia, ndugu zangu, akalia kama mtoto.

Bi Mwanamvua alipoona mtandio unachelewa, alifuata. Alimkuta binti yake ameshika kimojawapo cha vile vipande vya kanga.

"Tangu lini, mama?"

Mama yake aliketi taratibu kando yake. "Tangu kabla ya Kudra kufa. Kudra alikuja kwangu akiwa hai, Hamisa. Akaniambia hali yake. Nami nikamwambia ajisitiri, mambo ya mwanamke hayatembezwi barabarani. Kisha nikamwosha." Alikichukua kile kipande mkononi mwa binti yake. "Yangu yalikuwa yameshaanza, nikasema, basi, wenzangu wataniosha, nao watanisitiri kama nilivyowasitiri wengine."

"Mama," Hamisa alimshika mikono miwili, "sitara hiyo ni ya maiti. Wewe hujafa."

Bi Mwanamvua aliinuka kitandani. Kisha alichukua mtandio mwenyewe, akajifunga, akatoka kuelekea hemani.

Ugonjwa ulikuwepo, ila ulikuwa haujasambaa. Alipelekwa hospitali ya Tumbi, Kibaha, kwa vipimo zaidi, kisha Dar es Salaam kwa mionzi. Alikonda, alichoka, akalalamikia chakula cha hospitali kila siku ya Mungu, na Hamisa alikuwa naye, akifanyia kazi zake kwenye benchi la wagonjwa. Matibabu yalipokwisha madaktari walimwambia arudi nyumbani, aje kuangaliwa kila baada ya miezi kadhaa. Hamisa hakubweteka. Wakati mama yake anapata nafuu, yeye alikuwa ameshaanza kuuliza habari za vijiji vya Ruvu.

Halidi alipopata habari alikuja kumwona Bi Mwanamvua. Mama yule alimwambia kila kitu alichomwambia Kudra alipokuwa hai, bila kujitetea. Halidi alilia, akasema hata yeye alijua ni damu, akaona haya kumpeleka. Hakuna aliyemrudisha Kudra.

Mpaka leo Bi Mwanamvua anaosha maiti, na mpaka leo hasemi anachokiona. Lakini kila wanawake wanapokusanyika, iwe harusini au kwenye hitima, husimama na kuwaambia:

"Niambieni kwa midomo yenu. Msisubiri miili yenu ije kuniambia."

FUNZO

Kumsitiri maiti ni heshima. Kumficha mgonjwa ambaye tiba yake ipo ni kumzika kabla ya siku yake. Mwanamke, ukiona damu isiyo ya kawaida, nenda ukapimwe, hata kama humwambii mtu mwingine ila nesi. Mume, mkeo akinyamaza usimjibie, mpeleke. Na tukiwaona watafiti wanakuja na maswali yao tusiwaite wa makaratasi. Yule aliyehesabiwa ndiye anayeletewa hema, na Kudra hakuhesabiwa.