Kijiti Kwenye Rundo la Samadi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sikuzani alifagia ua wao katika mtaa wa Buyenzi, akachota maji bombani, kisha akambeba mdogo wake Hamimu mpaka chai iwe tayari. Kazi hizo alikuwa amezizoea. Iliyomkera ni kazi mpya: kugeuza samadi.

Siku hizo vita vilikuwa vimefunga barabara za milimani. Malori ya kabichi na karoti yalifika sokoni siku moja, kisha yakapotea kwa muda mrefu, na mboga kidogo iliyopatikana iligombewa. Mama yake, Khadidja, hakuwa mtu wa kukaa na kulalamika. Mvua za mwisho zilipoanza kupungua, alichukua jembe na kwenda kukagua sehemu iliyokuwa wazi nyuma ya jiko.

"Kiangazi hiki hatungoji lori," alisema. "Tutakula mboga za hapa hapa."

Idd ya kuchinja ilikuwa imepita karibuni. Kabla ya sikukuu hiyo, karibu kila ua wa mtaa ulifungwa mbuzi au kondoo, na yeyote aliyewahi kulala jirani na kondoo anajua kwamba wanachoacha nyuma si kidogo. Watu walikuwa wakitafuta pa kukitupa. Khadidja alikitaka chote. Majirani walimcheka sana, lakini walimletea kwa ndoo.

Alikirundika pembeni, akakifunika kwa majani ya migomba, kisha akachomeka kijiti kirefu katikati.

"Samadi mbichi inaunguza miche," alimweleza Sikuzani. "Uwe unaigeuza, ya chini ije juu, na kuinyunyizia maji. Kisha chomoa kijiti ukishike. Kikiwa cha moto, bado. Kikiwa baridi, imeiva. Kazi hiyo ni yako."

Sikuzani aligeuza mara ya kwanza, akageuza na ya pili. Mara ya tatu rafiki yake Assia alipita akiwa ameziba pua.

"We Sikuzani! Unanukia kondoo kabisa!"

Assia alikuwa akitania tu, ila Sikuzani aliona aibu. Tangu siku hiyo alimwaga maji juu ya rundo, akapanga majani upya ili lionekane limeguswa, akaenda zake kucheza.

Wakati huo mama yake alikuwa akichimba vitanda vya mboga. Vitanda vya kiangazi havinyanyuliwi kama matuta ya wakati wa mvua. Aliviteremsha chini kidogo, vikawa kama beseni, ili maji yasikimbie. Maji yenyewe yangetoka kwa Ernestine, mpangaji wao wa chumba cha nyuma, ambaye wote walimwita Mama Darius. Alikuwa amekimbia mapigano ya mtaa wa Kinama pamoja na mwanawe mmoja, na sasa alifua nguo za watu. Maji ya bomba la mtaa yalikatika ovyo wakati wa kiangazi, lakini Ernestine alikuwa na akiba kwenye mapipa, na maji yake ya kusuuzia nguo yalitosha kumwagilia bustani. Walikubaliana hivi: yeye atoe maji, na mboga wagawane.

Siku ya kupanda ilifika. Khadidja aliita kutoka vitandani, "Kijiti kimepoa?"

Sikuzani alikuwa na haraka. Hakuinama hata kidogo.

"Kimepoa, mama."

Basi sehemu ya samadi ikazolewa kwa jembe na kuchanganywa na udongo, na miche ya lengalenga, yaani mchicha, na ya nyanya chungu ikapandwa kwa mistari. Wiki haikuisha. Majani yaligeuka manjano, kingo zake zikakauka kama zimepitiwa na moto, na miche ikalala chini. Khadidja alisimama juu ya vitanda vyake, mikono kiunoni.

"Mama Darius! Umemwaga maji ya sabuni hapa?"

Ernestine alitoka akifuta mikono kwenye kitenge chake. "Oya, apana, Mama Sikuzani. Ya sabuni namwaga mu mufereji, unaniona kila siku. Hapa naleta ya kusuuza tu."

"Sasa miche imekufa na nini?"

"Mi sijui. Lakini apana maji yangu."

"Basi nani mwingine anamwaga maji hapa?"

Ernestine alikaza kitenge chake kiunoni. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya chini. "Kule Kinama maneno yalianza hivi hivi, jirani kwa jirani. Mi sitaki maneno tena. Nitatafuta chumba kwingine."

Kuanzia hapo maji yote ya Ernestine yalikwenda mferejini. Sikuzani alikosa raha. Alijua kabisa kilichoua miche, na alijua kwamba Mama Darius akihama, bustani imekwisha. Lakini kila alipotaka kusema, alijitafutia kazi nyingine.

Siku moja baada ya shule alikuwa akifagia karibu na jiwe la kufulia. Akashtuka. Pembeni ya jiwe, mahali palipochuruzika maji ya Ernestine siku zote, mbegu kadhaa za lengalenga zilikuwa zimeanguka na kuota. Lengalenga hizo zilikuwa nene, za kijani, zenye afya tele. Zilikunywa maji yale yale, ila samadi haikufika pale.

Hakuna mwingine aliyekuwa ameziona. Sikuzani aliinama, akazishika shingoni. Angezing'oa mara moja tu, akazitupa pamoja na takataka, nani angejua? Kutoka chumba cha nyuma alimsikia Ernestine akikusanya sufuria zake.

Aliachia majani. "Mama! Mama Darius! Njooni huku!"

Walikuja wote wawili, kila mmoja akikwepa kumtazama mwenzake. Sikuzani alionyesha lengalenga kwa kidole.

"Maji hayana kosa. Ni mi. Sikugeuza samadi. Na kijiti sikukishika, nilisema uongo."

Khadidja alikwenda moja kwa moja kwenye rundo, akakichomoa kijiti. Akakiachia upesi na kupuliza vidole. Bado kilikuwa cha moto! Sikuzani alingoja kufokewa, lakini mama yake alimgeukia Ernestine kwanza.

"Nisamehe, Mama Darius. Nilikushitaki kabla sijachunguza. Naomba usihame."

Ernestine aliwatazama, akatazama na ile lengalenga. "Huyu mutoto wako angeweza kuing'oa," alisema. Kisha akatabasamu. "Haya. Lete jembe. Maji yangu si ya mufereji."

Walizoa udongo ulioungua, wakaleta mpya. Mbegu zilizobaki Khadidja alikuwa amezifunga kwenye pembe ya kanga. Sikuzani aligeuza rundo mpaka jasho likamtoka. Assia alipopita tena akiwa ameziba pua, alimpa ndoo ya kunyunyizia, wakacheka na kuendelea pamoja.

Baada ya siku kadhaa Khadidja aliita, "Kijiti kimepoa?"

Sikuzani alikichomoa, akakizungushia kiganja. Alitamani sana kusema ndiyo.

"Bado, mama."

Khadidja aliitikia na kurudi jikoni. Hakuja kukishika mwenyewe, na Sikuzani alifurahi kuliko siku aliyoshinda mtihani.

Siku kijiti kilipopoa kweli, walipanda tena. Kiangazi kilipokolea, vumbi jekundu lilitanda mtaani, lakini nyuma ya jiko palikuwa kijani. Mavuno ya kwanza yaligawanywa mafungu mawili, na Ernestine akachagua kwanza.

"Mwanangu," Khadidja alisema wakichambua mboga, "miche ilipokufa tulipanda mingine. Lakini Mama Darius angehama kwa uongo wako na hasira yangu, tungempata wapi mwingine kama yeye? Kazi uliyopewa ifanye. Ukishindwa, sema bado. Neno hilo halijamuunguza mtu."