Chuma cha Chini ya Madigadi

Haya aliniambia Sohail mwenyewe, yule wa duka la vifaa hapa Kilindoni, na Sohail si mtu wa kutunga maneno.

Tangu baba yake, mzee Gulamhussein, afariki, alibaki peke yake na ile Pijo ya zamani iliyoliwa na kutu, bandani nyuma ya nyumba. Alasiri moja dada yake alimpigia simu kutoka Dar.

"Kaka, uza hilo gari uje huku. Hapo unakaa na nani?"

Sohail akakata simu. Akaingia bandani kunyoosha madigadi, yale mabati ya juu ya magurudumu, yaliyobonyea.

Kazi ile ni ya watu wawili. Mmoja hupiga nyundo kwa juu, mwingine hulala chini ya gari akikandamiza kipande cha chuma kwa ndani. Miaka yote aliyelala chini alikuwa baba yake. Asipokuwepo mtu wa chini, bati hulia kama debe tupu.

Mvua ikaanza, akafunga mlango wa banda lile lisilo na dirisha. Umeme ukakatika. Akaendelea kwa kupapasa, bati likilia ovyo gizani. Kwa mazoea tu, yakamtoka maneno:

"Umeshika, baba?"

Alipopiga tena, mlio ulikuwa mfupi, mzito. Akapiga tena na tena, bati likanyooka chini ya kiganja chake.

Akatua nyundo, akapenyeza mkono kwa ndani. Kile chuma cha baba yake, ambacho hakuwa amekigusa tangu mazishi, kilikuwa kimebana palepale alipokuwa akipiga. Kilikuwa na joto, tena kimelowa jasho.