Fremu ya Nne ya Ghala la Kwihara

Umewahi kusikia chuma kikihema? Babu yangu Raymundi alikisikia mchana kweupe, pale Kwihara, mwaka 1951, enzi za Mwingereza. Na usinitajie elimu. Shahada ninayo, ipo kabatini, inalala kuliko mimi.

Kampuni moja ya Kizungu ilijenga ghala la karanga juu ya njia ya zamani ya misafara. Fremu saba za chuma, kila moja nguzo mbili na boriti mbili za paa, zimefungwa kwa boliti mabegani, pale nguzo inapokutana na boriti. Katikati hakuna nguzo. Uzito wa mabati hushukia mabegani, mabega yakataka kutanuka, nyayo za nguzo zikashikwa na zege. Walipochimba msingi wa fremu ya nne wakakuta mifupa ya wapagazi. Injinia alisema neno moja tu: "Proceed," yaani endeleeni. Zege likamwagwa juu yake.

Kazi ya Raymundi ilikuwa timazi, uzi wenye kizito chini. Asubuhi, adhuhuri na jioni aliteremsha uzi kutoka kila bega la chuma, akaangalia ncha imeangukia wapi kwenye alama ya chaki. Jua likipanda chuma hutanuka kidogo, jioni hurudi. Kawaida. Ya nne ikienda, hairudi. Kila wiki upana wa kidole, kama mtu aliyeongezewa mzigo, na juu hapakuwa na kitu ila bati lile lile.

Kilichomkosesha raha ni dada yake, Veneranda. Alikaa kutwa chini ya fremu hiyo, akichambua karanga.

"Sir, number four inatanuka," alimwambia injinia.

"Within limits, Raymundi, bado ni salama. Wewe pima tu."

Adhuhuri moja, upepo hakuna, fremu ikaguna. Guno refu, la kifuani. Raymundi akafanya wanachofanya watu wa Kwihara wakipishana na mwenye mzigo. Hakufikiri.

"Pole, ndugu. Tua."

Uzi ukasogea wenyewe. Ncha ya timazi ikarudi juu ya chaki.

Mzungu akafurahi. Jioni Veneranda akalalamika.

"Kaka, bega linaniuma."

"Umelilalia vibaya."

"Nimelalia lipi? Yote mawili."

Siku ya tatu shingo yake ilizama. Siku ya tano alitembea ameinama, mikono imepanda juu ya kichwa inashika kitu kisichokuwepo. Mama yao mdogo, Bernadeta, alimvua kitambaa ampake mafuta, akakirudisha. Mabega ya binti yalikuwa na sugu nene, za mtu aliyebeba pembe za ndovu miaka ishirini.

Hapo Raymundi akaelewa. Alimwambia mpagazi wa chini ya zege atue. Hakumwambia atue wapi. Aliyekuwa karibu ndiye aliyepokea.

Kesho yake adhuhuri aliwatoa wachambuaji wote nje. Akasimama chini ya fremu, peke yake. Akanong'ona.

"Mwachie dada. Nipe mimi."

Bati likalia. Tik. Tik.

Kitu kikamhemea kisogoni.

Magoti yakakunjika. Nje, Veneranda akanyooka, akavuta pumzi ndefu, akaanza kulia bila kujua analilia nini.

Babu aliishi miaka arobaini ameinama. Alikuwa mkavu, mwepesi kuliko gunia la karanga, lakini jeneza lake lilibebwa na wanaume kumi na wawili, na walipumzika mara nne njiani.

Ghala bado lipo. Pale aliposimama, kwenye zege lile lililokauka kabla babu hajaajiriwa, zimezama nyayo mbili za mtu peku. Zinatazama mlangoni. Na tangu tumzike babu, timazi imetoka kwenye chaki. Nimepima mwenyewe juzi. Kidole kimoja na nusu.

Sasa nyinyi wenye funguo, mliotuita watu mia nne tuje tufanyiwe usaili humo, kwa nafasi mbili. Ng'oeni kwanza fremu ya nne. Watoeni wale wapagazi, muwazike kama watu. La hamtaki, basi siku ya usaili aliyetia sahihi kwamba jengo ni salama aweke kiti chake chini ya fremu hiyo, akae kutwa. Ikiguna, aitikie yeye.